i.e., e.g., cf., viz.: naomba ufafanuzi wa vifupisho vya Kilatini kwenye Kiingereza

Kurasa_Mbili

Wakuu, habari za saa hizi. Nahariri ripoti ya Kiingereza yenye waandishi wanne na kila mtu ana mtindo wake. Mmoja anaweka i.e. kila mahali, mwingine e.g. tu, wa tatu anaandika "et. al." na nukta mbili, na tanbihi zimejaa cf., ibid. na viz. Kamusi inatoa maana lakini haisemi zinatumikaje. Nukta zinakaa wapi? Na i.e. na e.g. nizitofautisheje bila kubahatisha? Kuna pia sura moja ya dawa yenye b.d., t.d.s. na o.d.

Mhariri_Makini

Mkuu, tuanze na hizo mbili maana ndizo zinazoharibu ripoti nyingi. i.e. ni *id est*, yaani. e.g. ni *exempli gratia*, kwa mfano. Ukikutana na mojawapo, isome sentensi kwa kuweka "yaani", kisha irudie kwa kuweka "kwa mfano". Ile inayolingana na alichokusudia mwandishi ndiyo inayobaki.

Chukua hii: "Bring photo ID, e.g. a passport." Pasipoti hapo ni mfano, kwa hiyo mwenye leseni ya udereva naye anapokelewa. Ukiandika "i.e. a passport", mwenye leseni umeshamfungia nje. Sentensi zote mbili ni safi kisarufi, kwa hiyo kompyuta haitapiga mstari mwekundu. Ni wewe tu wa kugundua, na pale ambapo hujui mwandishi alikusudia nini, muulize. Usimwamulie, hasa kwenye masharti ya zabuni au mkataba, ambako herufi moja inabadilisha nani ana wajibu gani.

Usimalizie orodha ya e.g. kwa etc. Ukishasema "kwa mfano", msomaji anajua kuna vingine. Kwa i.e. ni vibaya zaidi: umesema "yaani hiki na hiki", halafu unaongeza "na kadhalika". Umefunga orodha na kuifungua papo hapo.

Nukta inafuata neno lililokatwa. Katika *et al.*, "et" ni neno zima, halina nukta, "al." ni kifupi cha *alii*, ndiyo yenye nukta. cf. ni neno moja, *confer*, kwa hiyo nukta ni moja, mwishoni. etc. inatoka kwa *et cetera*, basi "ect." ni kosa tupu. Ikiangukia mwisho wa sentensi, nukta yake inatosha, usiongeze ya pili. Alama ya kuuliza ndiyo inayoweza kuifuata.

Magazeti mengi ya Uingereza huandika eg na ie bila nukta. Wamarekani huweka nukta na mkato baada yake. Zote sawa, mradi ripoti nzima ifuate mtindo mmoja.

etc. ni ya vitu, et al. ni ya watu. Kama mnafuata APA (mwongozo wa uandishi wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani) toleo la 7, kazi yenye waandishi 3 au zaidi inachukua jina la kwanza na et al. tangu inapotajwa mara ya kwanza. Wakiwa wawili, wote hutajwa kila mara. Mtindo huohuo unataka i.e. na e.g. zikae ndani ya mabano tu. Nje ya mabano andika "that is" na "for example". et al. haifungwi na sharti hilo.

Tanbihi_Tu

Naongezea za chini ya ukurasa.

cf. maana yake "linganisha". Wengi wanaitumia kama "tazama", na hapo msomaji anapotea: anaenda kwenye chanzo akitarajia mtazamo tofauti, anakuta kinaunga mkono hoja ileile. Chanzo kinachounga mkono kipe "see".

ibid. (*ibidem*, mahali palepale) inarejelea chanzo kilichotajwa kwenye tanbihi iliyotangulia moja kwa moja. Ubaya wake unaonekana wakati wa kuhariri. Ukichomeka tanbihi mpya kati ya namba 14 na 15, ibid. ya 15 inahamia kwenye kitabu kisichohusika bila mtu kushtuka. Tanbihi iliyotangulia ikiwa na vyanzo viwili, nayo haieleweki inarejelea kipi. Mwongozo wa uandishi wa Chicago, toleo la 17 la mwaka 2017, linapendelea jina la ukoo, kichwa kilichofupishwa na ukurasa badala ya ibid. Kwa ripoti ya watu wanne ningezing'oa zote leo. op. cit. (*opere citato*, katika kazi iliyokwisha kutajwa) nazo ziende hukohuko: zinamlazimisha msomaji kurudi nyuma kurasa nyingi kutafuta kitabu, na mwandishi akiwa na vitabu viwili hajui ni kipi.

viz. ni *videlicet*. Hiyo z haimo kwenye neno lenyewe; inatokana na alama ya kufupishia mwisho wa neno waliyotumia wanakili wa zama za kati. Husomwa "namely", na kinachofuata ni orodha kamili ya vilivyokwisha kutajwa kwa jumla. Ukiandika "namely" moja kwa moja hupotezi kitu.

Kurasa_Mbili

Asanteni sana. Na [sic]? Na ile sura ya dawa?

Tanbihi_Tu

sic si kifupisho, ni neno zima lenye maana ya "hivyo hivyo", kwa hiyo halina nukta. Huwekwa kwenye mabano ya mraba mara tu baada ya kosa lililomo kwenye nukuu. Usiipachike kwenye tahajia ya Kimarekani kwa sababu tu wewe unaandika Kiingereza cha Uingereza.

Dozi_Sahihi

Sura ya dawa niachieni. b.d. ni *bis die*, mara mbili kwa siku. t.d.s. ni *ter die sumendum*, inywewe mara tatu kwa siku. p.r.n. ni inapohitajika, stat ni papo hapo, a.c. kabla ya chakula, p.c. baada ya chakula.

Jihadhari na o.d. Uingereza ni mara moja kwa siku, lakini kwenye tiba ya macho ni *oculus dexter*, jicho la kulia. Marekani "mara moja kwa siku" iliandikwa q.d., na kwa mwandiko mbaya ikasomeka q.i.d., mara nne, au q.o.d., siku moja ndiyo, inayofuata hapana. Ndiyo maana Joint Commission, inayotoa ithibati kwa hospitali za huko, iliziweka QD na QOD kwenye orodha yake ya vifupisho visivyoruhusiwa mwaka 2004. Kwenye ripoti andika "once daily" kwa ukamilifu.

Mhariri_Makini

Jambo la mwisho kabla hujaanza kusafisha. Tafuta "et. al" na "ect" kwanza, hizo unaweza kubadilisha zote kwa mkupuo, mradi uweke alama kwenye chaguo la neno zima, maana hata "project" ina ect ndani yake. Kwa "ie" usithubutu: bila kuweka alama kwenye chaguo la neno zima, "field" itageuka "fi.e.ld" na "series" itakuwa "seri.e.s". Hata ukiliweka, pita moja moja, kwa sababu baadhi ya hizo ie zilipaswa kuwa e.g.