Kwa nini barabara nyepesi ya McAdam iliishinda ile nzito, na lami iliongeza nini?

Kokoto_Tatu
Wanajukwaa, salaam. Nimekuwa nikisoma habari za John Loudon McAdam, Mskoti aliyekabidhiwa barabara za Bristol mwaka 1816, na kuna jambo limenitatiza. Kabla yake Trésaguet kule Ufaransa, na Thomas Telford aliyeishi zama zake, walitandika mawe makubwa chini mithili ya msingi wa nyumba, ndipo wakaweka kokoto juu. McAdam aliyaacha mawe hayo, akamwaga kokoto moja kwa moja juu ya udongo. Iweje barabara nyepesi, tena ya gharama ndogo, ishindane na ile nzito hata ienee kote? Na kama ilikuwa imara kiasi hicho, lami ilihitajika ya nini?

Fundi Greda
Ndugu Kokoto, jibu ni maji. McAdam alishikilia kwamba kinachobeba uzito wa gari ni udongo wenyewe, almuradi ubaki mkavu, na kwamba kokoto ni paa tu la kuukinga. Ndiyo maana aliinua tuta juu ya ardhi ya pembeni, akachimba mitaro, na akaipa barabara mgongo mdogo mno, inchi 3 tu kwa upana wa futi 30.

Kokoto za tabaka la juu hazikutakiwa kuzidi sentimita 2. Magurudumu ya mabehewa yalikuwa na upana wa inchi 4 hivi, kwa hiyo gurudumu lilikandamiza kokoto kadhaa kwa pamoja badala ya kuibinua moja. Mawe yalipondwa kwa nyundo ndogo na vibarua waliokaa kando ya barabara, na udongo haukuruhusiwa kuchanganywa nayo, kwa kuwa udongo hunyonya maji. Ncha kali za kokoto ndizo zilizoshikana zenyewe kadiri magari yalivyopita.

Nimeendesha greda miaka mingi na nimeyaona haya kwa macho yangu. Katika barabara moja ya wilaya, mkandarasi ambaye sitamtaja aliona mitaro ni gharama ya bure. Moramu ilikuwa safi na imeshindiliwa barabara, lakini masika yalipoingia maji yalisimama pembeni siku tatu, na lori la kwanza la mahindi likazama hadi kwenye ekseli.

Mwalimu Mstaafu
Niongeze upande wa lami. Barabara ya McAdam ilifaa kwa farasi na magurudumu ya chuma, ambayo yalisaga kokoto na kurudisha unga wake kwenye nyufa. Gari la mipira lilifanya kinyume: mpira unaokwenda kasi hufyonza unga ule na kuurusha hewani, hivyo wakazi wakala vumbi na kokoto zikaanza kulegea. Mwaka 1901 Edgar Purnell Hooley, mpimaji wa jimbo la Nottinghamshire, alipita Denby akakuta pipa la lami limemwagika njiani, na mtu amefunika uchafu ule kwa mabaki ya tanuru la chuma. Kipande hicho hakikuwa na vumbi wala alama za magurudumu. Mwaka uliofuata akapata hataza ya kuchanganya lami ya moto na mabaki hayo kabla ya kuyatandika. Kwa hiyo lami haikuja kubeba uzito, ilikuja kushika kokoto na kuziba njia ya maji. Paa la Fundi Greda lilipata bati.

Mizani
Nakubaliana nanyi kuhusu maji, ila uzito nao msiupuuze. Kati ya mwaka 1958 na 1960, huko Ottawa katika jimbo la Illinois, Wamarekani walijenga vipande vya barabara vya unene tofauti, wakavipitisha malori yanayoendeshwa na wanajeshi mchana na usiku hadi vikaharibika. Walichobaini ni kwamba uharibifu hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli: ukiuzidisha uzito mara 2, barabara inaumia mara 16 hivi. Ndugu zetu madereva wanaonung'unika kwenye foleni ya mizani wapige hesabu hiyo.

Kokoto_Tatu
Nawashukuru. Je, kwa barabara yenye magari machache ni lazima kununua kokoto za kupondwa mashineni?

Fundi Greda
Si lazima. Wanorwe walibuni miaka ya 1960, katika bonde la Otta, namna ya kutandika lami laini na kumwaga juu yake changarawe ya kawaida, kubwa kwa ndogo pamoja na unga wake. Kwanza hupita roli, kisha magari yenyewe huikanda kwa wiki kadhaa hadi lami ipande juu, na kokoto zinazorushwa pembeni hufagiliwa na kurudishwa. Imetumika Botswana, Kenya na Tanzania. Ukiiona wiki ya kwanza utadhani fundi ameharibu kazi. Rudi baada ya miezi miwili. Mitaro, hata hivyo, ni ileile.