Baba amefariki, kadi yake ya benki tunayo na namba ya siri naijua. Nitoe hela?

Binti wa Tandika
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Baba yetu alifariki wiki tatu zilizopita. Hatukumsafirisha Lindi, tumemzika huku huku Dar. Alikuwa anauza mchele sokoni Tandika, na kila Jumamosi alikuwa anapeleka benki chochote kilichobaki.

Kadi yake mama ameifunga kwenye leso pamoja na kitambulisho cha NIDA. Namba ya siri naijua mimi, kwa sababu macho yalipoanza kumsumbua mimi ndiye niliyekuwa namtolea. Alikuwa ananiambia "toa hamsini, usizidishe," halafu nikirudi anahesabu noti kwa vidole.

Simu yake bado tunaichaji. Juzi tukiwa kwenye kisomo ikaingia meseji ya benki, makato ya mwezi. Mama akaniomba ile simu, akaishika mkononi mpaka kisomo kikaisha. Salio limebaki kama milioni nne na laki nane.

Baba mkubwa anasema nitoe kidogo kidogo kila siku kabla benki hawajajua, ipatikane ya arobaini na ada ya mdogo wangu wa kiume aliyeko chuo cha ufundi. Mimi moyo unasita. Pia baba aliandika jina la mama kwenye fomu ya benki kama ndugu wa karibu. Je, mama hawezi kwenda nalo hilo akapewa? Halafu benki jina lake ni Omary, kwenye NIDA ni Omari. Naombeni msaada, kwa kweli sijui nianzie wapi.

Mkazi wa Buza
Pole sana mdogo wangu. Mbona jambo dogo hilo, nyie toeni tu. Ya mzee wetu tulitoa yote kwa kadi na hakuna aliyeuliza.

Kaka wa Mbagala
Poleni sana na msiba. Binti, naomba usimsikilize aliyeandika hapo juu, na nasema hivi kwa sababu kwetu yalitukuta.

Mama alipofariki, kaka yangu alitoa laki saba siku ya pili ya msiba. Nia yake ilikuwa njema, turubai na chakula vililipwa kwa hela hiyo. Miezi mitano baadaye tuko mahakamani, dada yetu mkubwa akaomba taarifa ya akaunti. Karatasi ikaletwa, tarehe ya kutoa hela ikawekwa kando ya tarehe iliyo kwenye cheti cha kifo. Hakimu akamuuliza kaka swali moja tu: "Nani alikuruhusu?" Kaka hakuwa na risiti hata ya turubai. Akatakiwa kurudisha. Akarudisha, lakini mpaka leo yeye na dada wanasalimiana misibani tu. Nyumba moja tulizaliwa, titi moja tulinyonya.

Mtu akishafariki, hela iliyo benki ni mali ya mirathi. Hakuna mwenye ruhusa ya kuigusa mpaka mahakama imteue msimamizi, awe mke, awe mtoto, awe kaka wa marehemu. Kujua namba ya siri hakukupi haki hiyo. Baba alikutuma akiwa hai, na ruhusa ile imekwisha naye.

Anzieni RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo. Kile kibali cha mazishi mlichopewa kitunzeni, maana ndicho kinachowapeleka kwenye cheti cha kifo. Sheria inataka kifo kisajiliwe ndani ya siku 30, na nyie bado mna siku chache, kwa hiyo msisubiri arobaini. Maombi yanafanyika pia kwa mtandao.

Kisha itisheni kikao cha familia, muandike muhtasari. Nani alikuwepo, warithi ni akina nani, mali ni zipi, mmempendekeza nani awe msimamizi, na kila mtu atie saini. Sisi wa kwanza tuliuandika ovyo, jina la shangazi likasahaulika, tukarudishwa. Msimfiche mtu. Kama kuna mtoto wa nje anajulikana, atajwe hapo hapo mapema.

Mkiwa na hivyo viwili mnafungua mirathi. Mzee alikuwa Muislamu na aliishi kwa taratibu hizo, basi Mahakama ya Mwanzo inatosha, wala wakili hamhitaji. Kwa Dar nendeni Temeke, Kituo Jumuishi cha mahakama cha masuala ya familia, nyie wa Tandika ni jirani kabisa. Tangazo linabandikwa ili mwenye pingamizi ajitokeze, muda wake ukipita msimamizi anateuliwa na kupewa fomu ya uteuzi. Hiyo fomu, cheti cha kifo na kitambulisho cha msimamizi ndivyo mnavyopeleka benki.

Kwetu benki ilifunga akaunti ya mama, hela ikapitia mahakamani, ndipo kila mrithi akaingiziwa fungu lake. Na msimamizi asijisahau: ana miezi 4 tangu ateuliwe kurudisha mahakamani orodha ya mali na madeni. Wengi wanaishia kwenye kuchukua hela, halafu wanashangaa wakiitwa.

Kuhusu Omary na Omari, usione ni herufi moja. Kaapeni hati ya kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, mapema, kabla hamjakanyaga benki. Sisi tulipoteza wiki mbili kwa herufi kama hiyo.

Mstaafu wa Kaunta
Binti, pole. Nilikaa dirishani benki miaka mingi. Jina la ndugu wa karibu kwenye fomu ni la mtu wa kutafutwa mteja akipatwa na jambo. Halimfanyi kuwa mwenye hela. Wajane wengi nimewaona wakija na imani hiyo, na kuwarudisha kulikuwa kunaniuma.

Lakini mama aende benki hata kabla ya mahakama, atoe taarifa ya kifo. Akaunti itazuiwa, na hapo hakuna mtu wa kuwashawishi tena usiku na mchana. Na ile laini ya simu msiitupe. Kama kuna salio kwenye pesa za simu, nalo liandikwe kwenye orodha ya mali.

Binti wa Tandika
Asanteni sana, Mungu awalipe. Kaka wa Mbagala, samahani, swali la mwisho. Baba mkubwa anasema yeye ndiye mkubwa wa ukoo, kwa hiyo fungu lake lipo. Tuko mama, mimi, dada yangu na huyo mdogo wetu wa kiume. Babu na bibi walishafariki.

Kaka wa Mbagala
Kwanza yanatoka madeni ya marehemu na gharama za mazishi. Tuseme haidaiwi kitu na zimebaki 4,800,000. Mama ana thumuni, yaani sehemu moja ya nane, ambayo ni 600,000. Inabaki 4,200,000, mtoto wa kiume anapata mara mbili ya wa kike: mdogo wako 2,100,000, wewe 1,050,000 na dada yako 1,050,000. Akiwepo mtoto wa kiume wa marehemu, baba mkubwa harithi. Ila msimwambie kwa ukali. Mwombeni akae kwenye kikao kama mzee wenu, na kadhi au shehe ndiye amsomee mafungu. Likitoka kinywani mwako utaonekana umemkosea adabu.

Na kama aligharamia sanda au gari la mazishi, aandike alichotoa. Hiyo ni haki yake kurudishiwa.

Binti wa Tandika
Nimerudi kuwapa taarifa. Leo asubuhi nimekwenda RITA na kibali cha mazishi, maombi yamepokelewa. Baba mkubwa alinuna jana, lakini kikao amekubali, Jumapili baada ya alasiri, nyumbani kwetu. Ada ya muhula huu shangazi atatukopesha, tumeiandika kwenye daftari. Kadi nimeikata mbele ya mama. Kila kipande amekirudisha kwenye leso.