Taasisi yetu inaunganishwa na nyingine. Nisaini fomu ya kuondoka kwa hiari au nisubiri?

Karani wa Kale (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri, wiki ya tatu hii usingizi umenipotea.

Nina miaka 51, ni mtunza kumbukumbu katika taasisi moja ya umma hapa Dodoma. Desemba 2023 serikali ilipotangaza kuunganisha taasisi 16 na kufuta 4, sisi hatukuwemo, tukamshukuru Mungu. Sasa zamu yetu imefika. Tumeitwa ukumbini tukaambiwa tunaunganishwa na wenzetu, na kwamba masjala mbili (ofisi za kutunza majalada) hazihitajiki chini ya paa moja. Anayetaka kuondoka kwa hiari ajaze fomu, atalipwa mishahara 12 kwa mkupuo. Anayebaki "atapangiwa majukumu mengine kulingana na mahitaji". Kwa umri wangu maneno hayo nayaelewa.

Mshahara wangu wa msingi ni 1,480,000, kwa hiyo mishahara 12 ni 17,760,000. Nilihama Dar 2019 ofisi zilipohamia huku, familia ikanifuata 2021. Miaka miwili nililipa kodi ya nyumba mbili. Kuhamishwa tena sitaweza. Nina wazo la shamba la zabibu Hombolo.

Nisaini au nisubiri?

Mama Swaumu

Pole sana kaka yangu. Kabla sijasema neno, una mkopo?

Nyundo ya Kaliua

Mkuu saini utoke. Mimi nina digrii, mwaka wa sita huu nauza vocha. Nyie msipotoka sisi tutaingia lini?

Mstaafu wa Ilala

Kijana Nyundo, nafasi ikishafutwa kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa, haikusubiri wewe wala mwanao. Hilo nalijua kwa sababu niliwahi kuandika orodha zenyewe.

Kupunguzwa kazi sisi tuliita redandasi. Miaka ya 90, kwenye mageuzi ya utumishi, walipunguzwa watu zaidi ya 50,000 nchi nzima. Mimi nilikuwa afisa utumishi mdogo katika ofisi moja Dar. Tulianza na matarishi, wahudumu na makarani wa masjala, kwa sababu mtu akipita ofisini anawaona wamekaa tu. Kulikuwa na karani mmoja mtu mzima, shule yake ya msingi, hata Kiingereza cha kuandika dokezo hakuwa nacho. Nikaandika jina lake kwa mkono wangu.

Haikupita miaka miwili akaja mjane kufuata mafao ya mumewe. Faili halionekani. Tulitafuta siku nne. Mwisho bosi akatoa gari, tukamfuata yule mzee Buguruni, alikuwa anauza mkaa. Akanawa mikono, akapanda gari, akaingia masjala, akaenda moja kwa moja hadi rafu ya ukutani na kulitoa faili. Mumewe yule mama alibadili jina aliposilimu, na faili lilibaki kwenye jina la zamani. Nani mwingine angejua? Tulimlipa posho ya siku moja. Tulimfuata tena na tena, mpaka siku tuliyokuta kigoda chake kimekaliwa na mwanae, mwenyewe ameshazikwa.

Kwenye taarifa ya fedha zilizookolewa safari zile za Buguruni hazimo, wala miezi ambayo yule mama alilala kwa ndugu akisubiri. Mtunza kumbukumbu mwenzake yule, mimi nakusihi usiondoke.

Mwana wa Kisumu

Poleni majirani. Huku kwetu Kenya Januari 2025 baraza la mawaziri lilipitisha mashirika 42 ya serikali yaunganishwe yawe 20, kwa hivyo hii hofu tunaifahamu. Sheria yetu inasema mfanyakazi akipunguzwa alipwe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliofanya kazi. Nyinyi je?

Mjomba wangu alitoka 1993 ule mpango wa kustaafu mapema kwa hiari ulipoletwa kwa watumishi wa ngazi za chini. Akanunua matatu, na wenzake ofisi nzima wakanunua matatu. Barabara ile ile, abiria wale wale. Mwaka wa pili tulikuwa tunaisukuma.

Tawi Imara

Kwetu ni siku 7 kwa kila mwaka, na mwisho ni miaka 10. Piga hesabu vyovyote utakavyo, hazizidi siku 70. Kwa mshahara wa mleta uzi kiinua mgongo hicho hakifiki milioni 5. Ndiyo maana mishahara 12 inamng'aria machoni, simlaumu.

Mama Swaumu

Mleta uzi naona umewashukuru wote, swali langu umeliruka. Nilikaa dawati la mikopo benki miaka 11. Una mkopo au huna?

Karani wa Kale

Dada, sikuona kama lina uhusiano. Mkopo upo, kila mtumishi anao. Nilichukua milioni 22 mwaka 2022, miaka 7. Nikaezeka nyumba, nikalipa ada za chuo za binti. Makato ni 440,000 kwa mwezi, na sijawahi kukosa hata mwezi mmoja.

Mama Swaumu

Hujawahi kukosa kwa sababu makato yanakatwa kabla mshahara haujakufikia. Ukitoka, hakuna wa kukata, benki itakutafuta wewe na chochote ulichoweka dhamana.

Miezi iliyobaki ni 48 hivi. Kwa riba za siku zile, ukitaka kulipa lote kwa mkupuo salio lako linazunguka milioni 15 na nusu. Kachukue barua ya salio benki kesho usije ukategemea hesabu yangu. Toa kwenye 17,760,000. Unabaki na milioni 2 na kidogo, kodi ya serikali haijaguswa. Na soma bima ya mkopo wako, nyingi zinalipa kifo na ulemavu, kupunguzwa kazi hazina. Wateja wangu wengi waliopoteza kazi walihamia kausha damu, mikopo ya mtaani yenye riba kali, ndani ya miezi mitatu, na huko ndiko nilikowaona wanaume wazima wanalia.

Mkeo anajua?

Karani wa Kale

Nakuheshimu dada, ila mnaniangalia kama mtu aliyekurupuka. Nimelifikiria. Shamba ni ekari moja na nusu, bei milioni 11, na muuzaji nimeshampa kianzio cha milioni 6 mwezi uliopita. Nyingine atanisubiri. Zabibu Dodoma inavunwa mara mbili kwa mwaka. Mtu akiwa na shamba lake hakuna wa kumwita ukumbini.

Mke wangu nitamwambia mambo yakikamilika.

Zabibu za Babu

Nimesoma Hombolo nikashtuka, mimi nalima huko. Samahani nitaandika kirefu kwa sababu watumishi wengi wanapotelea hapa.

Shamba lina kisima au unategemea mvua? Mizabibu ya hapo ni Makutupora nyekundu au imechanganywa? Ina miaka mingapi? Kama unaanza kupanda, usitarajie vuno la maana kabla ya mwaka na nusu hadi miwili, na muda wote huo unalipa nguzo, waya, samadi, palizi, dawa ya ubwiri na watu wa kupogoa. Kupogoa kukikosewa msimu mzima umekwenda. Halafu soko. Kuvuna mara mbili ni kweli, ila zabibu haijui kusubiri. Kuna misimu tumezimwaga, viwanda vimejaa na mnunuzi anataja bei huku anatazama pembeni. Mwenye mshahara unaomfikia kila mwezi anavumilia msimu mbaya. Asiye nao anauza shamba kwa jirani, na jirani wengi huku wamepata mashamba kwa njia hiyo.

Sikukatishi tamaa. Ni zao zuri sana. Anza ukiwa kazini.

Kibodi Kizito

Wakuu mnahangaika bure, hii ni chai, stori ya kutunga.

Taasisi za umma zikiunganishwa watumishi huhamishiwa kunakokwenda majukumu, hakuna mtu anayegawa mishahara 12 kwa fomu. Fedha hiyo iko kasma gani ya bajeti? Kibali cha Ofisi ya Rais Utumishi kiko wapi? Msajili wa Hazina anajua? Mleta uzi, ulianza kazi lini, ulikuwa mfuko gani wa pensheni kabla ya mifuko kuunganishwa kuwa PSSSF 2018? Na hiyo fomu ina kumbukumbu namba gani? Kwenye mashirika wengi walikuwa mfuko wa PPF. Tunakusubiri.

Nyundo ya Kaliua

Nimevuta kiti. Hata mimi niliinusa.

Karani wa Kale

Sijaja kudanganya mtu. Nilianza 2003 halmashauri, nikaingia LAPF, mfuko wa serikali za mitaa, nikahamia taasisi hii 2011 na uanachama wangu ule ule.

Fomu ni karatasi moja. Juu imeandikwa "Fomu ya Kuonesha Nia". Nembo ya taasisi ipo. Kumbukumbu namba haina. Tarehe haina. Chini kuna sehemu ya mtumishi kusaini, sehemu ya mwajiri kusaini hakuna.

Kibodi umeniuliza swali ambalo mimi ndiye nilipaswa kuuliza. Miaka 22 narudisha barua za watu kwa kukosa namba, hata za wakurugenzi.

Mstaafu wa Ilala

Basi si chai, Kibodi. Umekosea kuhusu mleta uzi, ila kuhusu ile karatasi nadhani umepatia. Wakati wetu kila jina lilikuwa na waraka nyuma yake. Hii inanuka mtu anayekusanya saini kwanza ili baadaye aseme waliomba wenyewe.

Tawi Imara

Hapo ndipo penyewe. Mimi ni kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi, mkoa mwingine.

Mwajiri akitaka kupunguza watu sheria ya ajira ya 2004 inamtaka atoe taarifa, aeleze sababu, ashauriane na chama cha wafanyakazi kuhusu nani apunguzwe na kwa vigezo gani. Ukiondoka mwenyewe, hana haja ya kufanya hata moja. Pia kuna fao la kukosa ajira PSSSF, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Hilo ni la aliyeachishwa. Aliyeacha kazi kwa hiari yake halimhusu. Neno "hiari" kwenye karatasi hiyo lina bei.

Na LAPF yako ina maana kubwa. Tangu mwaka wa fedha 2024/25, waliokuwa kwenye mifuko iliyolipa mkupuo wa asilimia 50 ya mafao, LAPF ikiwemo, wanapata mkupuo wa asilimia 40 wakistaafu, wale wa mifuko ya asilimia 25 wanapata 35. Wewe ni wa 40. Ila kustaafu kwa hiari ni miaka 55 na una 51. Ukitoka leo, miaka minne hiyo utaila nini? Mchango wa mwajiri, asilimia 15 ya mshahara, nao unasimama.

Ukiwa na mgogoro, mtumishi wa umma anaanza na ngazi za ndani ya utumishi kabla ya CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na muda unahesabiwa. Sasa niambie ukweli, hiyo fomu umeshaisaini?

Karani wa Kale

Niliisaini Ijumaa iliyopita.

Msinishambulie. Muuzaji wa shamba alitaka aone kitu cha kumhakikishia salio linakuja, nikasaini, nikatoa nakala, nikampelekea. Niliposikia mishahara 12 niliona mlango. Mtu aliyewahi kukaa Dodoma bila watoto wake miaka miwili kwa sababu ya barua moja ya uhamisho atanielewa.

Mama Swaumu

Tunakuelewa kaka. Hakuna anayekushambulia. Andika barua leo usiku.

Tawi Imara

Aya mbili tu. Unafuta nia uliyoonesha kwenye fomu ile, na unaomba upewe kwa maandishi kibali, vigezo na chanzo cha malipo. Nakala kwa chama tawini kwenu. Usimpe mtu mkononi, ipitie masjala ipigwe muhuri wa kupokelewa.

Kibodi Kizito

Mkuu, naomba radhi kwa neno chai. Ukihitaji mtu wa kuisoma barua kabla hujaipeleka nitumie faragha.

Karani wa Kale

Siku tatu baadaye wakuu. Barua imeingia, ina muhuri, nimeiweka kwenye jalada langu binafsi kama folio 47. Fomu yangu nilipoitafuta humo sikuikuta. Wenzangu sita waliosaini nao fomu zao hazimo kwenye majalada yao. Tumekwenda pamoja kwa katibu wa tawi.

Mke wangu nimemwambia jana. Hakusema kitu mpaka asubuhi, akauliza tu kama ile milioni 6 ina risiti. Haina, kuna ujumbe wa simu.

Zabibu za Babu

Usifute huo ujumbe. Nitajie kitongoji faragha, mpakani na nani. Kama ni mtu ninayemdhania, mwenyekiti wa kijiji ni jirani yangu, Jumamosi tunaweza kwenda wote watatu na mkeo.