Kivumbasi hakioti, Mufindi

Wakuu, nimesia mbegu za kivumbasi, ule mmea wa harufu wa kufukuzia mbu, wiki ya tatu hakuna kilichochomoza. Nakosea wapi?

— Umezifukia, mkuu. Ni ndogo mno, zinataka mwanga. Zinyunyize juu ya udongo laini, gandamiza kwa kiganja, mwagilia kwa manyunyu. Ukimwaga kwa ndoo zinasombwa zote pembeni.

— Na sakitu (umande ulioganda kwa baridi) ya Juni na Julai huko Mufindi inakiunguza, ngoja ipite. Mimi napendekeza kupanda pingili badala ya mbegu: tawi lisilo na maua, sentimita 15, toa majani ya chini. Hakikisha ndicho chenyewe: shina la pande nne, majani yanatazamana mawili mawili, ukiyafikicha yananukia karafuu.

— Kwa mbu, weka matawi mabichi juu ya makaa, dirisha wazi. Chandarua usikitoe. Mjamzito asinywe kivumbasi.