Tairi za A/T (za njia zote) au H/T (za lami) kwa pikapu ya viazi? Wenye uzoefu wa Kitulo na Makete nisaidieni

Mbatata_Uyole

Wakuu habari za jioni. Wa Iringa na Njombe kamwene, wa Rungwe ugonile.

Naomba ushauri wa tairi kabla sijatoa hela, nilizonazo zinaelekea kipara. Nina Hilux dabo kabini ya dizeli, ina 4x4, niliinunua mkononi mwa mtu mwaka jana. Kazi yake ni viazi. Natoka Uyole alfajiri, nashika barabara ya Tukuyu hadi Isyonje, nakata kushoto kuelekea Kitulo, halafu naiacha barabara kubwa na kuingia mashambani kwa wakulima. Huko ndani ni kilomita 4, siku nyingine 6, udongo mtupu. Nikirudi nashusha Mwanjelwa. Mara moja moja napata safari ya Iringa, na mwisho wa mwaka Dar kwa shemeji.

Ukipiga hesabu ya wiki nzima, sehemu kubwa ni lami. Lakini msimu uliopita nilinasa mara tatu. Mara ya tatu nililala humo humo ndani ya gari, na baridi ya Kitulo mnaijua. Trekta lililonitoa asubuhi lilikula faida yote ya safari.

Muuza tairi ananiambia chukua A/T hutajuta. Jirani yangu mwenye pikapu kama yangu anasema A/T ni mapambo ya vijana, zinapiga kelele na kunywa mafuta, niweke H/T nitulie. Tofauti ya bei kwa tairi nne ni mifuko kadhaa ya mbolea, sio hela ya kuchezea. Nimsikilize nani?

Kijana_wa_Soweto

A/T mkuu. Gari ikisimama tu, watu wanajua kuna mwanaume ndani.

MamaParachichi

Mwenzako kalala porini na baridi, wewe unawaza kupiga picha.

Fundi_Upepo

Kaka, kabla hatujaanza kubishana, nenda kasome ubavuni mwa tairi ulizonazo sasa. Tuletee saizi, namba inayofuata baada ya saizi pamoja na herufi yake, na tarakimu nne za mwisho kwenye ule mstari unaoanza na DOT. Mara nyingine tarakimu hizo ziko upande wa ndani tu, kwa hiyo chukua tochi uingie uvunguni. Halafu tuambie unajaza upepo kiasi gani na unapakia gunia ngapi. Bila hayo hapa tutakuwa tunapiga ramli.

Mnyalu_Mafinga

Kamwene mkuu. Mimi nipo upande wa mbao, Mufindi. Nimeweka H/T, nimeweka A/T, nimewahi kuweka hata M/T, za tope, zile zenye kashata (vinundu vya raba) kubwa kama za trekta. Nikueleze nilichokiona.

Watu wanadhani A/T ni dawa ya tope. Udongo wetu mwekundu ukishalowa haujali jina la tairi. Unaingia kwenye mitaro ya A/T, unashikana, hautoki. Ikizunguka mara tatu, tairi nzima imekandikwa kama ukuta wa nyumba, na hapo A/T na H/T ni ndugu wa tumbo moja. Inayojisafisha ni M/T, kwa sababu nafasi kati ya kashata ni pana na tope linarushwa nje. Lakini M/T kwenye lami iliyolowa sikutakii. Nilishuka nayo mlima mmoja mvua ikinyesha, breki nimekanyaga, gari inaendelea na safari zake.

A/T faida yake iko kwenye changarawe, kokoto, majani yenye umande, na njia zenye makorongo ambapo bega la tairi linahitaji kung'ang'ania pembeni. Kwenye tope jepesi inasaidia kiasi. Kwenye tope zito, hapana.

Mimi sasa hivi natembelea H/T nzuri, na nyuma ya siti nina minyororo ya tairi za nyuma. Kuifunga ni dakika 15 za kuchafuka mikono ikiwa imekufa ganzi, lakini ikishakaa gari inapanda kama mbuzi. Ukigusa lami tu, shuka uitoe, na wakati umeifunga usikimbie. Sijaitiwa trekta tangu nianze kuitumia.

Kona57

Mnyalu yuko sawa kuhusu tope, ila mimi sikubaliani na H/T. Natokea Matamba, na waliowahi kupanda kule kutokea Chimala wanajua kwa nini najiita hivi. Shida yangu mimi ni mawe. Niliwahi kuchana ubavu mara mbili ndani ya mwezi mmoja, na ubavu ukichanika hakuna cha kuziba pancha, tairi imekwenda. H/T nyingi ubavu wake ni laini, zimetengenezwa zikae vizuri kwenye lami. Tangu nimeweka A/T yenye ubavu mgumu nazungumzia pancha za misumari tu.

Angalia njia yako ina nini, kaka. Tope au mawe?

Mbatata_Uyole

Tope zaidi, mawe kidogo karibu na daraja la magogo.

Nimeingia uvunguni na suruali ya kazi imeisha. Tairi ni 265/65R17, halafu 112S. Tarakimu za DOT ni 0815, zote nne. Upepo anajaza kijana wa pale kituoni, huwa namwambia aweke PSI 45 kwa sababu ya mzigo. Gunia ni 12 za kawaida.

Dereva_Mstaafu

Za kawaida za wapi? Hahaha. Gunia la viazi la kawaida nililiona mara ya mwisho nikiwa kijana.

Fundi_Upepo

Asante, sasa tuna cha kuongea.

112 maana yake tairi moja inabeba hadi kilo 1,120 ikiwa na upepo unaostahili. S ni spidi, mwisho 180 kwa saa, hiyo haikuhusu. 0815 ni wiki ya 8 ya mwaka 2015. Yaani tairi zako zilizaliwa Februari 2015. Raba ya umri huo hata ikiwa na kashata inakuwa imekauka kama kandambili zilizosahaulika juani, na wewe umesema zinaelekea kipara. Halafu unazijaza 45 unapokwenda shambani gari ikiwa tupu. Tairi ikijazwa hivyo inatuna, inasimama zaidi kwa utepe wa katikati, mabega yanashika chini kidogo. Kwa hiyo mara zote tatu ulizonasa, ulinasa kabla hata ya swali la A/T na H/T.

Fungua mlango wa dereva, angalia kwenye nguzo, kuna kibandiko chenye upepo wa mbele na nyuma, gari tupu na gari yenye mzigo. Fuata hicho, sio mazoea ya kijana wa kituo. Ukiingia shambani ukiwa mtupu na njia imelowa, unaweza kushusha hadi 25 hivi, ukaenda taratibu. Ila uwe na pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari, ujaze tena kabla ya kupakia na kabla ya lami. Tairi yenye upepo mdogo, mzigo mkubwa na mwendo mkali inachemka na kupasuka, na haikupi taarifa.

Sasa gunia. Pikapu ya dabo kabini inabeba kama tani moja, nyingine pungufu, na humo wewe na kijana wako wa kupakia mmo. Gunia 12 hata zingekuwa za kilo 100 za halali ni 1,200. Zikiwa lumbesa, zile zilizojazwa kupita kipimo, fanya hesabu mwenyewe. Hakuna herufi ya tairi itakayokusaidia hapo.

Mbatata_Uyole

Mkuu hiyo ya lumbesa tuiache, mke wangu anasoma humu.

Dereva_Mstaafu

Nami niseme langu. Nimeendesha mkonga wa ofisi, ile Land Cruiser, miaka mingi, Makete, Ludewa, Rungwe, Chunya wakati ule vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Tairi zetu zilikuwa 7.50R16, nyembamba. Ile inakata tope la juu inakwenda kutafuta ardhi ngumu chini. Nyinyi vijana mnapanua tairi kama mnakwenda kuvuruga jaruba la mpunga Usangu, halafu mnashangaa gari inaelea juu ya utelezi. Sikuambii ubadilishe rimu. Nakuambia usikubali muuzaji akuongezee upana.

La pili, wote mnaongelea kunasa. Kunasa ni hasara na baridi. Kinachoua ni lami iliyolowa. Tukuyu ni zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na barabara hiyo hiyo ndiyo anarudi nayo na mzigo, ukungu, kona, malori. Halafu kuna siku atashuka Kitonga kwenda kwa shemeji. Kwenye lami ya maji H/T nzuri inasimama mapema kuliko A/T nyingi, kwa sababu inakanyaga eneo kubwa zaidi na mitaro yake imepangwa kutoa maji. Hizo mita chache ndizo zinatenganisha kugonga na kukosa lori. Mimi kura yangu ni H/T, na minyororo ya huyu wa Mafinga.

Kijana_wa_Soweto

Basi suluhisho rahisi: A/T mbili nyuma zisukume, H/T mbili mbele zishike lami. Hela imepungua, kila mtu kafurahi.

Fundi_Upepo

Usifanye hivyo. Kwenye lami ya maji, mbele na nyuma vitashika tofauti, na kwenye kona gari itakugeuka. Pia Hilux yake ukiingiza 4x4, mbele na nyuma vinafungwa pamoja vizunguke sawasawa. Tairi zisipolingana kimo, moja inataka kuzunguka zaidi ya nyingine, na anayelipa ni gia boksi.

Na kimo hakihitaji kutofautiana sana. 265/65R17 ina kimo cha kama milimita 776. Muuzaji akikwambia "chukua 265/70R17, zinafanana tu", hiyo ni 803. Tofauti ni zaidi ya asilimia 3, na hata spidi mita itakudanganya: ikisema 100, wewe uko 103. Nne zifanane, saizi ile ile, aina ile ile.

MamaParachichi

Mimi nabeba parachichi kutoka mashambani kuja Njombe mjini, kwa hiyo nina jicho lingine. Niliuziwa A/T ngumu za nyuzi 10, zile zilizoandikwa LT, za magari ya mizigo. Ubavu wake kweli ni chuma. Lakini gari ikawa inadunda, na parachichi lililodundwa leo unaliona keshokutwa likiwa na doa jeusi ndani. Mnunuzi anakata moja, anarudisha kreti nzima. Nilizitoa nikaweka A/T za kawaida, zile za kashata za wastani zilizoshikana katikati, na mpaka leo nipo nazo. Viazi havina deko kama parachichi, ila mgongo wako unao mmoja.

Kelele zipo, hasa kipande cha Makambako hadi Njombe ambapo lami imenyooka na unasikia kila kitu. Mafuta yameongezeka kidogo, sio ya kukufilisi. Cha muhimu ni kuzungusha, za mbele ziende nyuma kila baada ya kilomita 10,000 hivi. Nilipochelewa zikalika kama meno ya msumeno, na hapo kelele ndiyo ikawa kelele kweli.

Baba Dereva, heshima zako, ila wewe ulikuwa na mkonga wa ofisi na mafuta ya ofisi.

Dereva_Mstaafu

Hilo nimelimeza, mama.

Mbatata_Uyole

Swali moja la mwisho. Muuzaji huyo huyo ana A/T za mtumba, saizi yangu, nusu bei, kashata bado ndefu kabisa. Vipi?

Kona57

DOT?

Mbatata_Uyole

3214.

Mnyalu_Mafinga

Mzee kuliko uliyenaye! Mtumba wa tairi sio mtumba wa koti, kaka. Koti la 2014 linakupa joto tu.

Mbatata_Uyole

Nimekaa na mama watoto tumeamua. A/T nne mpya, za wastani kama za MamaParachichi, 265/65R17 ile ile, namba ya mzigo isipungue 112. Nimemuelewa Dereva kuhusu lami, kwa hiyo kwenye mvua mguu utakuwa mwepesi na kashata zikibaki milimita 3 sisubiri kipara. Minyororo nimeagiza, pampu nimeshanunua. Gunia zitashuka hadi 8. Kijana wangu wa kupakia kafurahi kuliko mtu yeyote.

Spea imebaki ya 2015, hela imeishia hapo.

Fundi_Upepo

Hiyo ni ya kukufikisha kwa fundi pancha wa karibu, polepole. Usiende nayo Kitonga.

Mbatata_Uyole

MREJESHO. Wakuu niliwaahidi nikirudi nitasema. Mvua zimenyesha kweli kweli mwaka huu. Tairi zinashika vizuri, changarawe zote na ile njia ya daraja la magogo napita bila kushika moyo. Kelele nimezizoea, naongeza redio. Kwenye lami ya Tukuyu siku ya mvua naziona kabisa kwamba sio H/T, Dereva hakudanganya.

Nimenasa mara moja tu. Tope lilijaa kwenye mitaro vile vile Mnyalu alivyoeleza, gari ikakaa.

Mnyalu_Mafinga

Na minyororo?

Mbatata_Uyole

Ilikuwa nyumbani. Nilikuwa nimeiosha nikaianika.