Diski imejaa, lakini hesabu ya du hailingani na ya df

Swali

Ndugu wataalamu, naomba msaada. Kompyuta yangu ya mpakato yenye mfumo wa Ubuntu imeanza kukataa kuhifadhi mafaili, na amri ya `df -h` inaonyesha kuwa diski ya GB 120 imejaa kwa asilimia 98. Nilipoingia katika folda yangu ya nyumbani na kuandika `du -sh *`, inayopima ukubwa wa kila kilichomo, jumla ya yote niliyoyaona haikuzidi GB 40. Nafasi iliyobaki imeliwa na nini? Sitaki kufuta kwa kubahatisha, kwa sababu humo ndimo ilimo kazi yangu yote ya shahada.

Jibu la kwanza

Pole, ndugu. Nyota uliyoiandika haichukui majina yanayoanza na nukta, kwa hiyo folda zilizofichwa hazikuhesabiwa. Andika hivi:

`du -h --max-depth=1 ~ | sort -h`

Alama ya `~` ni folda yako ya nyumbani. Ile alama ya wima hupitisha matokeo ya amri ya kwanza kwenye ya pili, nayo `sort -h` huyapanga kuanzia dogo hadi kubwa, kwani inaelewa kuwa 2G inazidi 900M. Mstari wa mwisho kabisa ni jumla, hivyo tazama ulio juu yake. Ukikuta ni `.local`, rudia amri hiyohiyo ukiweka `~/.local` mahali pa `~`. Nadhani utafika `~/.local/share/Trash`, yaani pipa la taka, ambako mafaili uliyoyafuta kwa kipanya huendelea kukalia diski.

Jibu la pili

Naongezea kuwa `sudo apt clean` huondoa vifurushi vilivyopakuliwa bila kugusa programu zenyewe. Lakini nakusihi uwe mwangalifu na `rm`, amri ya kufuta, kwa sababu haipeleki kitu kwenye pipa. Niliwahi kukusudia kuandika `rm -r zamani*`, nikaacha nafasi kabla ya nyota, na kila kilichoonekana katika folda ile kikafutika, zikiwemo picha za harusi ya dada yangu ambazo sikuzipata tena. Tangu siku hiyo huanza na `ls -d zamani*`, nikasoma orodha yote, ndipo nibadilishe `ls -d` iwe `rm -r`.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Pipa lilikuwa na GB 53. Nimelimwaga baada ya kulipitia, na sasa `df -h` inasoma asilimia 54.