Tupeane uzoefu: Ukigongewa mlango na polisi au watu wa serikali, ulifanyaje?

Mwenye Geti (mleta uzi)

Wakuu, kwema? Naanza mimi maana aibu ni yangu.

Asubuhi moja walikuja watu wawili wamevaa reflekta, mmoja kashika faili. "Tumekuja kukagua mita ya maji." Mdomo ukanitoka wenyewe: "Karibuni, karibuni." Sasa mita yangu iko nje ya uzio, hata mtoto anaiona. Mpaka hilo linaniingia akilini, yule wa faili keshafika uani anapiga picha chumba nilichokuwa naongeza nyuma ya nyumba. Wiki tatu baadaye nikaletewa barua ya kujenga bila kibali.

Kibali sikuwa nacho, hilo sikatai. Kinachoniuma ni kwamba nilipolalamika kuwa waliingia kwa uongo, jibu lilikuwa moja tu: "Mwenye nyumba alitukaribisha mwenyewe." Na kweli niliwakaribisha. Mara mbili!

Waliopitia haya leteni. Siyo polisi peke yao. Hata wa afya, wa umeme, wa kodi.

MamaPacha

Kwangu ilikuwa saa nne usiku, mume safarini, mlango unagongwa kama unataka kung'oka. Sikufungua. Nilizima taa ya ndani nikawasha ya nje, nikasogea dirishani ili niwaone wasinione. Watatu, mwenye sare mmoja. Nikawauliza wanatoka kituo gani na wanamtafuta nani. Wakasema wana hati ya upekuzi.

Nikamwambia, "Afande, naomba uipitishe chini ya mlango." Kimya. Kisha karatasi ikaingia. Niliisoma kwa tochi ya simu nimepiga magoti sakafuni. Muhuri upo, tarehe ipo, lakini nyumba iliyoandikwa ni namba 47. Sisi ni 41. Nikapiga kituoni kwa namba niliyokuwa nayo mimi, siyo waliyonitajia wao, nikaeleza. Huko nje nawasikia wanabishana wenyewe kwa wenyewe, halafu simu ya mmoja ikaita, wakaondoka. Samahani hawakusema, wala sikuingoja. Nilitetemeka mpaka alfajiri.

Simba wa Kibarazani

Mimi mbwa wangu ndiye wakili. Hajawahi kushindwa kesi.

Wakili Asiyelipwa

Mwenye Geti, pole. Hiyo "karibuni" yako mbele ya sheria inaitwa ridhaa, na ukishairidhia ziara, kudai haki ya mlangoni kunakuwa kazi ngumu. Unaweza kupinga kwamba ilipatikana kwa hila, ila hapo ni neno lako dhidi ya lao.

Watu wengi hudhani hati ni mambo ya polisi tu. Marekani kulikuwa na mpangaji wa San Francisco, Roland Camara. Wakaguzi wa majengo walimjia zaidi ya mara moja bila hati, kila mara akawakatalia, mwisho akashtakiwa kwa huko kukataa. Mwaka 1967 Mahakama ya Juu ikampa haki: mkaguzi naye, hata kama hatafuti mhalifu, akikataliwa aende akaombe hati. Na kanuni ya kwamba mgongaji ajitambulishe na aseme kilichomleta kabla ya kuvunja mlango ni ya zamani kuliko mababu zetu. Mahakama ya Uingereza iliisema mwaka 1604 katika kesi ya Semayne.

Huku kwetu Katiba ya Kenya ya 2010 ina Ibara ya 31, ya Tanzania ina Ibara ya 16, zote zinalinda faragha ya nyumba yako. Lakini msikariri kwamba kila hati lazima itoke kwa hakimu. Tanzania mkuu wa kituo cha polisi naye anaweza kutoa idhini ya maandishi ya upekuzi. Ndiyo maana swali zuri ni "naomba nisome karatasi", siyo "hakimu yuko wapi".

Sare Nimevua

Nilivaa sare miaka kumi na moja, niseme la upande wa pili. Mara nyingi tulikuwa tunaomba kuingia kwa sababu kuomba ni rahisi kuliko kuandika maombi ya hati. Nusu ya kazi ilikuwa imeisha mtu akishasogea pembeni na kuachia mlango. Hata asiposema neno.

Aliyekuwa ananiambia kwa upole, "Afande, sijakataa kusaidia, ila ndani siruhusu bila hati," sikuwahi kumwona mhalifu. Nilimwona mtu anayejua. Tatizo lilikuwa wale wa kusukumana mlangoni na kutukana. Hapo umetupa kosa jipya ambalo hatukuja nalo. Na tukisikia mtu anapiga yowe ndani, nyumba inaungua, au tunamkimbiza mtu kaingia kwako, hatusubiri karatasi. Tukiingia kwa nguvu usipigane, hata kama haki ni yako. Sema wazi kwamba hujaruhusu, kariri majina na namba za begani, ugomvi wake upeleke mahakamani.

Fundi Redio

Naongezea ya kutoka. Walikuja na hati halali, nikafungua. Baada ya kupekua wakanipa fomu nisaini, ina mistari mitupu. Nikasema sisaini mpaka kila kitu kiandikwe. Wakanuna, wakaandika: kompyuta moja, simu mbili. Nikawaomba waongeze na namba zilizo nyuma ya kila kifaa, jirani yangu akasaini kama shahidi. Nilikaa nao saa nzima mezani kwa ajili ya hiyo orodha. Vitu viliporudishwa, simu moja haikuwa yangu. Namba zikanisaidia.

MamaPacha

Fundi hapo umenifungua. Na watoto je? Wangu wanakimbilia mlango kabla hodi haijaisha.

Mwenye Geti (mleta uzi)

Wangu nimewafundisha waulize "nani?" halafu waniite. Mwenyewe ndiye sifundishiki. Nimebandika karatasi kwa ndani ya mlango, herufi kubwa: USISEME KARIBU. Jana mama mkwe kaja, kaisoma wakati anavua viatu. Mpaka sasa hajanisemesha.